Nakuru na barakoa za kidevuni

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Wiki moja baadaye matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba 8. Aprili barakoa ikawa lazima, faini ikifika shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6.

Nilikuwa Nakuru. Milangoni mwa benki na supamaketi tulinawa mikono, tukafunika pua, tukasimama mbalimbali. Sokoni barakoa ilikaa kidevuni, ikapanda tu askari alipoonekana. Hata mimi nilifanya hivyo, na barakoa ya kutupwa niliivaa wiki nzima.

Haukuwa ukaidi mtupu. Viti vilivyobaki wazi kwenye matatu vililipiwa na abiria, na mama mboga hawezi kuuza akiwa mbali na mteja. Machi 26, 2021 Nakuru ilifungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, kafyu ikianza saa mbili usiku.

Gonjwa jingine likija, tugawe barakoa na maji sokoni kwanza, ndipo tutume askari. Mwenye njaa huogopa kulala njaa kuliko faini.