Mtoto anapotoka shule na mama bado yuko kazini

Mtoto wa darasa la tano hadi la saba hutoka shule mchana. Mama anayeuza nyanya Soko la Mafiga, au anayefanya kazi kiwandani, hufika nyumbani jioni giza linapoanza. Katikati hapo mtoto anabaki muda mrefu bila mzazi. Umri wa miaka 10 hadi 14 ni wa mtoto anayeweza mengi, lakini bado anahitaji kuangaliwa. Makala hii haikulaumu kwa kutafuta riziki. Inakusaidia kuupangia muda huo.

Anza na chakula

Niliwahi kumhudumia mvulana wa darasa la sita aliyeungua mkono na kifua. Alirudi nyumbani na njaa, akawasha jiko la mafuta ya taa, likazimika, akaongeza mafuta likiwa bado la moto. Hakuwa mtundu. Alikuwa na njaa, na hakuachiwa chakula.

Kwa hiyo, acha chakula kisichohitaji moto: viazi au mihogo iliyochemshwa asubuhi, ndizi mbivu, karanga, au uji kwenye chupa ya chai. Acha na maji ya kunywa. Mafuta ya taa usiyaweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji.

- Mtoto akiungua: mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya.
- Akimeza mafuta ya taa: usimtapishe wala usimpe maziwa. Mpeleke kituoni mara moja.

Awe na mtu mzima wa kuripoti kwake

Mtoto akitoka shule aende kwanza kwa mtu mmoja mnayemwamini: bibi, mama mdogo au jirani. Kama unafanya biashara karibu, apite kwanza kibandani kwako.

Mchague mtu huyo kwa makini. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto wa kiume naye anahitaji ulinzi.

Mwambie mwanao, kwa maneno rahisi:

- Hakuna anayeruhusiwa kukushika sehemu za siri, hata awe ndugu.
- Usipokee zawadi au lifti ya bodaboda bila mimi kujua.
- Mtu akikwambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kuniambia kwanza.

Mtoni

Watoto wetu hupenda kuoga mtoni. Mvua ikinyesha juu milimani Uluguru, mto unaweza kujaa ghafla hata kama huku mjini jua linawaka. Maji ya mito na mabwawa pia yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho. Mtoto asiende mtoni bila mtu mzima. Ukiona damu kwenye mkojo wake, mlete apimwe.

Ratiba fupi

Mpangie mambo kwa mfuatano, si kwa dakika:

1. Kubadilisha sare, kunawa mikono na kula.
2. Kupumzika kidogo.
3. Kazi za shule kukiwa bado na mwanga.
4. Kazi moja au mbili za nyumbani.
5. Kucheza na wenzake mahali ambapo watu wazima wanawaona.

Kazi za nyumbani zigawanywe sawa kwa wavulana na wasichana. Binti anayepika, kufua na kulea wadogo zake kila siku hapati nafasi ya kusoma. Usiku, mtoto wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 9 hivi au zaidi, kwa hiyo simu na televisheni ziwe na mwisho.

Swali la jioni

Ukirudi, hata ukiwa umechoka, kaa naye dakika kumi. Muulize: "Leo ulikuwa wapi, na nani?" Sikiliza kabla ya kukemea. Mtoto anayegombezwa kila akisema ukweli ataacha kuusema.

Tafuta msaada ukiona haya

Amekuwa mkimya ghafla, anaogopa mtu fulani, ana fedha au vitu usivyojua vimetoka wapi, ameanza kukojoa kitandani, au hataki kwenda shule.

Ukihisi amefanyiwa ukatili wa kingono, mlete kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU na, kwa binti aliyevunja ungo, za kuzuia mimba. Usimwogeshe wala kufua nguo alizovaa. Hata kama saa hizo zimepita, mlete. Unaweza pia kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kupiga simu ya watoto namba 116, bila malipo.

Leo jioni anza na mambo mawili: amua kesho mwanao atakula nini akitoka shule, na ataripoti kwa nani.