Dema, Mshipi na Ndara Kuukuu: Zana Zilizoilea Wesha

Kijitabu hiki kila mwaka hubeba picha za skuli, orodha ya waliochangia na hesabu zilizokaguliwa. Safari hii tumeomba kurasa za ziada tuzungumzie zana za uvuvi walizozitengeneza wazee wetu kwa mikono yao. Fungu moja la mchango wa mwaka huu linazihusu, na hatupendi mtu atoe fedha yake kwa jambo asilolijua asili yake.

Tuanze mbali kidogo. Karibu miaka 2,000 iliyopita, mtu mmoja asiyejulikana jina aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari uitwao Periplus. Humo alitaja kisiwa cha Menouthias. Wapo wataalamu wanaosema ni Pemba, wengine wanasema Unguja, na wengine Mafia. Hatugombani nao. Lililotushika ni maelezo yake: kwamba watu wa kisiwa hicho walikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya kuchonga, wakivua samaki na kasa, na kwamba walikuwa na namna yao ya kutega kwa vikapu vya kusuka penye mikondo ya maji. Mtoto yeyote aliyekulia pwani yetu akisoma habari ile atasema, basi si madema hayo!

Dema husukwa kwa fito na mianzi iliyochanwa nyembamba, matundu yake yakiwa na pembe sita kama sega la nyuki. Mlango wake ni mpana nje na unasinyaa kwa ndani, hivyo samaki huingia kwa wepesi lakini njia ya kutokea haioni. Ndani hutiwa chambo cha mwani, au kombe na kaa waliopondwa, na pembeni hufungwa mawe ili litue chini lisichukuliwe na maji. Tasi, pono na changu ndio wageni wake wa kila siku. Mvuvi hodari hakuwa na haja ya kuweka chilezo juu ya maji, kwani chilezo humwonesha mwizi. Alipiga alama: akilinganisha ncha ya Ras Mkumbuu na Misali, au mnazi mrefu na kilima cha mikarafuu nyuma yake, akirudi kesho analifikia dema lake pale pale.

Kamba ya dema nayo ilitoka mjini kwetu wenyewe, na hapa lazima tuwataje bibi zetu, maana historia za uvuvi huwasahau. Makumbi ya nazi yalizikwa pwani kwenye matope kwa miezi, kila ukoo na shimo lake. Yakishaoza yalifukuliwa, yakapondwa kwa rungu mpaka ukatoka usumba, ukaoshwa, ukaanikwa, kisha ukasokotwa. Harufu ya makumbi yaliyofukuliwa aliyewahi kuinusa hahitaji kuelezwa. Bibi hao hao walijifunga kanga wakaingia maji ya magoti kutanda uduvi na dagaa kwa kipande cha nguo. Kwa lugha yetu ya uhasibu, mtaji wa chombo ulitoka mashimoni mwao, ingawa hatujaona daftari lililowaandika.

Nyavu na mishipi ya zamani ilikuwa ya pamba, na pamba huoza kwa maji ya chumvi. Dawa yake ilikuwa magamba ya mikoko: yanachemshwa, maji yakiwa mekundu uzi unatumbukizwa, ukikauka unakuwa mgumu na unadumu. Chombo nacho kilikalafatiwa kwa pamba na kupakwa sifa ya papa, na nyumba nzima ikajua kuwa baba anatengeneza ngarawa.

Nailoni ilipoingia, kazi nyingi kati ya hizo zilikufa, na hatuna sababu ya kuzililia zote. Lakini nailoni hununuliwa kwa fedha taslimu. Ulipofika wakati wa uhaba, miaka ya mwanzo ya 1980, madukani hakuna kitu na karafuu imeporomoka bei, watu walirudi kwenye akili zao. Matairi makuukuu yalichambuliwa nyuzi zikasokotwa mishipi. Betri mbovu zilivunjwa, risasi yake ikayeyushwa ndani ya kopo na kumiminwa kwenye vishimo vya mchanga ikawa chubwi. Sisi tuliokuwa watoto tulichutama pale tukivuta ule moshi, na hakuna aliyetuambia kuwa ni sumu. Ndara zilizokatika zilikatwa vipande vikawa vyelezo vya nyavu. Mshipi wa kwanza wa wengi wetu ulizungushwa kwenye kopo la maziwa, na changu wa kwanza, mdogo kama kiganja, alivuliwa hapo hapo kwenye gati ya Wesha.

Ufundi huo ulisafiri pia. Wapemba waliokwenda dago pwani ya Kenya walichukua mishipi yao na elimu ya kuzisoma bamvua na maji mafu. Wengi walibaki huko, wakazaa na kuzikana huko, bila vitambulisho, mpaka serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi kuwa raia mwaka 2023. Wamo wenye asili ya kwetu wanaosoma kijitabu hiki.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi, maana si kila ubunifu ulikuwa wa kheri. Utupa uliopondwa na kutiwa kwenye vidimbwi uliua wakubwa na vifaranga pamoja. Bunduki za mbao na mpira wa baiskeli, juya la kukokota juu ya matumbawe, chandarua cha mbu kilichogeuzwa wavu: hizo nazo ni zana za kubuni, na nyingine tumezitumia au tumekula samaki wake. Baruti hatuitaji hata kuijadili. Misali iliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1998, na masheikh walisimama kuwaeleza wavuvi kuwa kuharibu bahari ni kuharibu amana, si kwa sababu ya maneno ya vitabuni tu. Samaki walikuwa wanapungua kweli.

Na lipo moja linalotusumbua zaidi. Dema la mianzi likipotea baharini, huoza, na samaki waliomo hupata njia. Dema la waya au la plastiki likipotea, linabaki chini likivua bila mwenyewe, samaki akifa anakuwa chambo cha mwingine. Vijana wanatumia waya kwa sababu ndio walioukuta na hawakufundishwa kusuka. Mafundi wa kusuka waliobaki ni wazee sana. Mmoja alitwambia kwa kicheko, "Wanangu, nyie mnahesabu pesa, mimi nahesabu fito," kisha akatuonesha vidole ambavyo havikunjiki tena.

Hilo ndilo fungu tunaloliombea. Ni banda la makuti karibu na diko, mianzi ya msimu mmoja, na posho kwa mafundi watakaokaa na vijana kuanzia kukata fito mpaka kulitia dema majini. Gharama zake zipo kwenye ukurasa wa bajeti, na stakabadhi zitawekwa wazi kama kawaida yetu. Asiye na fedha, na ana dema kuukuu darini, chubwi ya zamani au rungu la bibi la kupondea makumbi, alilete siku ya mkutano mkuu. Tutaliandika jina la mwenyewe na tutamrudishia jioni yake.