Kibaha, Kisarawe na Siasa ya Kutofungamana

Waandishi wa siasa yetu ya nchi za nje hupenda kuanzia New York au Addis Ababa. Mimi naona yafaa kuanzia karibu zaidi: Kibaha, katika barabara ya Morogoro, na Kisarawe, ambako hupita reli iendayo Zambia.

Katika mwaka wa 1963 Tanganyika ilipatana na Uswidi, Norwei, Denmaki, Ufini na Aislandi kujenga Kibaha shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Tarehe 10 Januari 1970 vyote vilikabidhiwa kwa Serikali, vikawa Shirika la Elimu Kibaha. Msomaji na aitazame orodha hiyo ya wafadhili: hamna hata mmoja aliyepata kututawala.

Lakini kupokea hakukuwa na ugumu. Ugumu ulikuwa katika kukataa. Mapema mwaka wa 1965 Ujerumani ya Magharibi, kwa kuchukizwa na ubalozi mdogo wa Ujerumani ya Mashariki uliokuwapo nchini, iliondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akawataka waondoe na misaada yao mingine. Mwezi wa Desemba, kwa ajili ya Rhodesia, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Azimio lilikuwa la Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wengi waliolipitisha hawakulitimiza. Wako wasemao kuwa hicho kilikuwa kiburi cha maskini. Sikubaliani nao, kwani Zambia, jirani yetu, ilikuwa ikipitishia mizigo yake katika Rhodesia ile ile.

Ndipo tufikapo Kisarawe. Benki ya Dunia ilikwisha kusema mwaka wa 1964 kwamba reli ya kwenda Zambia haitaleta faida; hesabu zake, nadhani, hazikuwa na nafasi ya ujirani. China ilikubali mwaka wa 1967, kwa mkopo usio na riba, na kati ya 1970 na 1975 zikajengwa kilometa 1,860.

Mwaka wa 2022 ilifunguliwa Kibaha shule ya uongozi yenye jina la Mwalimu, kwa msaada wa China, nayo ni ya vyama sita vilivyoongoza ukombozi kusini mwa Afrika. Milango ya Shirika la Elimu ilifunguliwa kwa mgonjwa na kwa mtoto wa mkulima. Ya shule hii, kwa makada wa vyama. Zote mbili huitwa urafiki.