Dilolo na Saa Mbili: Historia Fupi ya Viwango vya Kuoanisha Mawasiliano katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

1. Utangulizi

Mengi yameandikwa juu ya shaba ya Katanga, juu ya makampuni yaliyoichimba na vita vilivyopiganwa kwa ajili yake. Machache yameandikwa juu ya makubaliano ya kiufundi ambayo bila hayo shaba hiyo isingetoka ardhini wala kufika baharini. Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya makubaliano hayo kwa kuutazama mji wa Dilolo, ulioko mpakani mwa Kongo na Angola, na njia inayouunganisha na Kolwezi. Lengo ni kuonyesha kwamba viwango vya mitandao ya data vinavyojadiliwa leo, yaani vile vinavyotaka mashine zilizo mbalimbali ziende kwa pigo moja na kupashana habari bila kukawia, vina watangulizi katika reli, saa na umeme wa eneo hili.

Istilahi tatu zifafanuliwe mapema. Kiwango ni kanuni iliyoandikwa na kukubaliwa na pande mbili au zaidi ili kazi ya mmoja ioane na kazi ya mwingine. Uoanishaji ni kuzifanya saa za vyombo mbalimbali zisome wakati mmoja. Ukawiaji ni muda unaopita tangu habari itumwe hadi ipokelewe. Kwa msomaji wa isimu, dhana ya kwanza si ngeni: lugha sanifu nayo ni kiwango, na swali la nani alikiweka na kwa manufaa ya nani linahusu reli na mitandao kama linavyohusu sarufi.

2. Upana wa reli

Kiwango cha kwanza kufika Lualaba kilipimwa kwa milimita. Reli iliyotoka kusini kupitia Rhodesia ilifika Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, ikiwa na upana wa milimita 1,067. Kwa kuwa mtandao wa Katanga ulizaliwa kutokana na njia hiyo, kampuni ya BCK iliyoundwa mwaka 1906 iliujenga kwa upana huo huo. Upande wa magharibi, Robert Williams alipata kibali cha Ureno mnamo Novemba 1902 cha kujenga reli kutoka Lobito, na ujenzi ulianza mwaka 1903. Njia hiyo nayo ilichukua milimita 1,067, kwa sababu mwisho wake uliokusudiwa ulikuwa migodi ya Katanga.

Ujenzi ulichukua zaidi ya robo karne. Reli ya Benguela, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300, ilifika mpakani mwaka 1929. Mwaka 1931 sehemu ya Kongo, kutoka Tenke kupitia Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji hadi Dilolo, ilifunguliwa. Kuanzia hapo behewa lililopakiwa Katanga liliweza kufika Atlantiki bila mzigo wake kuhamishwa.

Faida ya makubaliano hayo huonekana zaidi pale yalipokosekana. Reli ya Maziwa Makuu, kati ya Kindu, Kongolo na Albertville, ilijengwa kwa upana wa meta moja, na ikabidi ibadilishwe katikati ya miaka ya 1950 ili iungane na mtandao wa BCK. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, reli ya kati ya kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni ya meta moja pia. Tofauti ya milimita 67 ilitosha kuzigawa nchi.

3. Saa mbili za Dilolo

Upana wa reli huruhusu treni kupita. Hauzuii treni mbili kugongana. Katika reli ya njia moja, kama ilivyo ile ya Dilolo, usalama hutegemea mambo mawili: habari na wakati. Mkuu wa stesheni haruhusu treni kuondoka mpaka ahakikishe kwa telegrafu au kwa simu kwamba sehemu iliyo mbele iko tupu, na ratiba humwambia ni treni ipi isubiri kwenye njia ya kupishana. Habari ikichelewa, treni husimama. Saa zikitofautiana, ratiba huwa hatari.

Mkutano wa Washington wa mwaka 1884 ulichagua Greenwich kuwa chanzo cha hesabu ya longitudo, na baadaye dunia ikagawanywa katika kanda za saa, kila ukanda ukiwa na nyuzi 15 za longitudo. Ureno ilifuata mpango huo katika makoloni yake tangu mwaka 1912, na Angola ikawekwa saa moja mbele ya Greenwich. Katanga imewekwa saa mbili mbele, ikienda sawa na nchi za kusini mwake. Hivyo anayevuka mpaka wa Dilolo kuelekea magharibi hurudisha saa yake nyuma kwa dakika 60.

Mahali penyewe panastaajabisha. Dilolo iko karibu na longitudo ya nyuzi 22 na dakika 20 mashariki. Mpaka wa kinadharia kati ya ukanda wa saa moja na ukanda wa saa mbili uko kwenye nyuzi 22 na dakika 30. Mji huo umekaa karibu katikati kabisa. Jua linapokuwa utosini Dilolo, saa ya Kongo husoma saa sita na nusu mchana, na saa ya Angola husoma saa tano na nusu. Hakuna saa hata moja kati ya hizo mbili inayokubaliana na jua la wenyeji. Zote mbili zinakubaliana na makao ya utawala yaliyo mbali.

Mwanaisimu ataongeza tofauti ya tatu. Kiswahili cha pwani huhesabu saa tangu machweo na mapambazuko, hivyo saa ya kwanza ya mchana huangukia asubuhi. Wasemaji wengi wa Lubumbashi na Kolwezi hufuata hesabu ya Kifaransa, ambamo siku huanza usiku wa manane. Neno ni moja, kipimo ni viwili. Mtumaji na mpokeaji wasipoafikiana juu ya mwanzo wa hesabu, ujumbe ulio sahihi kwa kila neno hupotosha. Tatizo hilo hilo ndilo wahandisi wa mitandao wanaloliita tatizo la chanzo cha wakati.

Inafaa kukumbuka kwamba miaka ya kukamilika kwa reli ya Dilolo ni ile ile ya kusanifiwa kwa Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Kibelgiji haikuwa na kiti. Wafanyakazi wa migodi ya Katanga, waliokuwa wakijenga Kiswahili chao kambini, walikuta kiwango kimekwisha kuamuliwa.

4. Umeme: kuoana na kutooana

Baada ya reli ulikuja umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa juu ya Lualaba katika miaka ya 1950, na mwaka 1952 reli ya BCK kati ya Likasi na Tenke ilianza kutumia umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Katika muongo huo huo umeme wa Katanga ulianza kupelekwa kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini.

Mkondo geu una sharti gumu kuliko reli. Mitambo yote iliyounganishwa lazima izunguke kwa pigo moja: kila mzunguko huchukua milisekunde 20, na mtambo ukitoka nje ya pigo hilo hukatwa au huharibika. Kupitia Zambia na Zimbabwe, mitambo ya Lualaba huenda kwa pigo moja na ile ya Afrika Kusini.

Mtambo wa Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hauko katika pigo hilo. Njia ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi na iliyokamilika mwaka 1982, hutumia mkondo nyoofu wa kilovolti 500. Kituo cha Inga hugeuza mkondo geu kuwa nyoofu, na kituo cha Kolwezi huurudisha kuwa geu. Kwa njia hiyo mitandao miwili isiyo na pigo moja hupeana nishati. Kolwezi ni mpaka wa pigo la umeme kama Dilolo ilivyo mpaka wa saa.

Hata hivyo vituo viwili vinavyohusiana hivyo lazima viongee. Mwanga husafiri katika uzi wa kioo kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Umbali wa kilomita 1,700 huchukua milisekunde 8.5. Muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini ndani yake mkondo wa hezi 50 hukamilisha zaidi ya nyuzi 150 kati ya 360 za mzunguko wake. Sehemu hii ya ukawiaji haipunguzwi na kiwango chochote, kwa kuwa ni sheria ya maumbile. Kinachoweza kufanywa ni kuupima na kuuzingatia. Ndiyo maana vyombo vinavyopima pigo la umeme mahali mbalimbali hugonga muhuri wa wakati juu ya kila kipimo. Kosa la mikrosekunde 32 tu katika saa ya chombo hicho hutosha kumaliza kosa lote la asilimia 1 linaloruhusiwa na kiwango cha IEEE kwa vipimo hivyo.

5. Viwango vya mitandao ya data

Mitandao ya kompyuta ilianza bila kujali sana wakati. Pakiti za data zilisafiri kila moja ikitafuta nafasi yake, na iliyochelewa ilisubiriwa au kutumwa tena. Mwaka 1985 David Mills wa Marekani alitoa maelezo ya kwanza ya utaratibu wa NTP, unaooanisha saa za kompyuta kwa usahihi wa milisekunde. Kwa mashine za viwandani hiyo haikutosha, na mwaka 2002 IEEE ilitoa kiwango namba 1588, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2008 na 2019, ambacho kikitumiwa pamoja na vyombo vinavyofaa hufikia usahihi wa chini ya mikrosekunde moja.

Jinsi kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Saa kuu hutuma ujumbe na kuandika wakati wa kuutuma. Saa tegemezi huandika wakati wa kuupokea, kisha hutuma jibu, na nyakati mbili nyingine huandikwa. Kutokana na nyakati hizo nne saa tegemezi hukokotoa muda wa safari na kosa lake yenyewe. Lakini hesabu hiyo hudhani kwamba kwenda ni sawa na kurudi. Njia ya kurudi ikiwa ndefu zaidi, saa tegemezi hukosea kwa nusu ya tofauti hiyo, na haina namna ya kujua kwa ujumbe huo peke yake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupanga foleni. Kikundi cha kazi ndani ya IEEE 802.1, kilichoanza mwaka 2005 kwa ajili ya sauti na picha, kilipanuliwa mwaka 2012 ili kihudumie viwanda na magari. Kanuni yake moja huipa kila swichi milango inayofunguka na kufungwa kwa ratiba: wakati wa pakiti ya haraka ukifika, milango ya nyingine hufungwa. Nyingine huruhusu pakiti ndefu kukatizwa katikati ili ya haraka ipite. Mkuu yeyote wa stesheni ya njia moja angeitambua kanuni ya kwanza: treni ndefu ya mizigo hairuhusiwi kuondoka ikiwa haitamaliza sehemu yake kabla ya treni ya abiria kufika.

6. Kiwango bila matengenezo

Historia ya Dilolo inatoa onyo moja. Mnamo Agosti 1975 vita vya Angola viliikata njia ya Benguela. Kwa zaidi ya miaka 40 reli za pande mbili zilibaki na upana ule ule wa milimita 1,067, lakini usafirishaji wa kawaida wa madini kuvuka mpaka ulikoma. Upande wa Angola ulijengwa upya na kampuni ya Kichina na kuzinduliwa mwaka 2015, na Machi 2018 treni ya manganizi kutoka Kongo iliwasili Lobito. Upande wa Kongo, ulio chini ya SNCC, ulikuwa umechakaa. Milimita zinaafikiana, mwendo hauafikiani. Mkataba wa miaka 30 uliotolewa na Angola mwaka 2022 kwa kampuni ya Lobito Atlantic Railway haufuti tofauti hiyo wenyewe.

Kwa data mambo yanaweza kwenda vivyo hivyo. Mkongo wa baharini wa SACS, uliozinduliwa mwaka 2018 kati ya Angola na Brazili, umeshusha ukawiaji wa safari hiyo hadi milisekunde 63 hivi. Faida hiyo huishia pwani ikiwa njia ya kuelekea bara haitunzwi kwa kipimo kile kile.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba upana wa reli, ukanda wa saa, pigo la umeme na muhuri wa wakati wa pakiti ni sura za jambo moja: makubaliano kati ya watu wasioonana. Imeonyeshwa pia kwamba katika Lualaba makubaliano hayo yaliamuliwa mara nyingi mbali na wanaoyaishi. Hali hiyo haikwisha na ukoloni. Katika Shirika la Kimataifa la Mawasiliano kila dola ina kiti. Katika IEEE 802 kura ni ya mtu binafsi, naye huipata kwa kuhudhuria mikutano kadhaa. Mlango uko wazi, lakini nauli si sawa kwa wote. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya migodi ya dunia, kobalti inayoingia katika betri za vyombo hivyo hivyo, ina sababu ya kutosha ya kugharimia nauli za wahandisi wake wachache.

Kwa upande wa vyuo, kazi iko karibu zaidi. Fundi wa Kolwezi hufundishwa kwa Kifaransa, husoma kiwango kwa Kiingereza na kumweleza mwenzake kwa Kiswahili. Katika kila hatua ya tafsiri kuna ukawiaji wake, na njia ya kwenda si lazima iwe sawa na ya kurudi. Istilahi za Kiswahili za saa kuu na saa tegemezi, za ukawiaji na uoanishaji, zikikubaliwa mapema na wasemaji wa Lualaba wakiwemo kikaoni, zitakuwa kiwango cha kwanza cha aina hii ambacho Dilolo haikuletewa kikiwa tayari.