Malka za Garsen

Nilitumwa Garsen kuunganisha kompyuta za ofisi moja na seva ya kuhifadhi nakala iliyoko Mombasa. Baada ya mafuriko ya 2023 hakuna aliyetaka tena faili zote zikae kwenye boksi moja karibu na mto. Nikadhani nitafungua poti moja kwenye faiwali, nile samaki, nipande basi.

Programu yenyewe ni ya zamani. IBM waliitoa 1993 ikiitwa ADSM, 1999 ikawa Tivoli Storage Manager, 2015 ikawa Spectrum Protect. Jina linabadilika, poti yake ya kawaida bado ni 1500. Nikaifungua. Nikajaribu kwa mkono, data ikapita. Safi kabisa.

Usiku haikupita. Wala usiku wa pili.

"Si ufungue zote tumalize?" kijana wa ofisi akaniuliza. Poti ni 65,535. Ukifungua zote, huna faiwali, una pambo.

Jioni nikamweleza mzee mmoja wa Kipokomo pale hotelini. Akacheka. "Hiyo ni malka, mwanangu."

Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni. Ukingoni mwa Tana kuna mashamba ya Wapokomo, migomba na miembe na mpunga unaofuata maji ya mafuriko. Nyuma yake ni nyika, kwa Waorma na Wawardei na ng'ombe wao. Kiangazi kikibana, ng'ombe lazima wafike majini. Kwa hiyo kati ya shamba na shamba kuliachwa njia zinazojulikana, na wazee wa Gasa wakakubaliana na wazee wa Waorma nani apite wapi, na lini. Hakuna aliyeng'oa mashamba yote ili ng'ombe wapite, na hakuna aliyeuziba mto wote.

Halafu miradi mikubwa ya umwagiliaji ikaja, mashamba yakapanuka, malka zikaanza kuzibwa. Watu walipigana 2001. Tarehe 22 Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, waliuawa zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, na kulipiza kisasi kukaendelea hadi mwaka uliofuata. Siasa za uchaguzi zilikuwemo, ugomvi wa hatimiliki ulikuwemo. Mtu asikudanganye kwamba ni ng'ombe tu. Lakini muulize yeyote hapa alianza kuona wapi kwamba mambo yameharibika, atakutajia malka fulani iliyofungwa.

"Wewe umeuliza mlango," mzee akasema. "Hujauliza nani anaanza kubisha."

Nikarudi ofisini mbio. Mchana ni mimi niliyekuwa naita seva. Usiku ratiba iliwekwa seva ndiyo iite kompyuta, kupitia poti 1501, na hiyo nilikuwa nimeifunga. Ningeweza kuifungua. Badala yake nikabadilisha mpangilio: kompyuta yenyewe iende kuuliza zamu yake. Mlango mmoja wa kutoka, hakuna wa kuingilia. Nikaandika ukutani poti gani, ya nani, saa ngapi, maana atakayekuja baada yangu hatajua tulikubaliana nini.

Usiku wa tatu nakala zikafika Mombasa.

Asubuhi mzee akanipeleka kuona malka iliyopakana na shamba la babake. Katikati pana ua wa miiba. Nyayo za ng'ombe zinafika hapo, zinageuka.