Thamani Iliyo Nje ya Mpaka: Ununuzi wa Viwanja Kigamboni na Swali la Njia

Kiwanja kisichopimwa huuzwa kwa miguu. Dalali hutangulia, muuzaji hufuata, mnunuzi na shahidi wake huja nyuma. Wakifika kwenye mnazi, mmoja huanza kuhesabu: hatua ishirini hadi kwenye minyaa, kisha kona, hatua nyingine ishirini hadi kwenye kisiki cha mkorosho, na hivyo mpaka mraba ufunge. Watu hubishana kwa dhati kuhusu hatua hizo, kwa sababu hatua za mtu mrefu humpa mnunuzi eneo kubwa na za mtu mfupi humlinda muuzaji. Nimeshuhudia mauziano ya namna hiyo mara kadhaa upande wa Kigamboni, na katika yote sikumsikia mtu akiuliza kuhusu njia tuliyopita kuingia pale. Mara zote tulikuwa tumekatiza katika mihogo ya mtu mwingine.

Hoja ya makala hii inaanzia kwenye swali hilo lisiloulizwa. Sehemu kubwa ya bei ya kiwanja katika mtaa unaokua haimo ndani ya mipaka ya kiwanja hicho. Imo barabarani, kwenye bomba la maji, kwenye nguzo za umeme, shuleni, sokoni, na kwa majirani waliotangulia kuhamia nyumba zao zikiwa hazina hata dari. Udongo wa Kibada, huko Kigamboni, wa mwaka 2000 ndio udongo wa Kibada wa leo. Kilichobadilika kiko nje ya uzio. Hata hivyo mkataba, muhuri wa serikali ya mtaa, ushahidi wa majirani na hata hati miliki yenyewe vyote vinalinda kilichomo ndani tu.

Kigamboni inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko sehemu nyingine za jiji la Dar es Salaam. Kwa miongo mingi eneo hilo lilionekana kwa macho kutoka Magogoni, ng'ambo ya mlango wa bandari, lakini lilibaki shamba. Kulifikia kulihitaji kivuko, au safari ndefu ya kuzunguka kwa Mbagala na Kongowe. Wenyeji walilima mihogo, wakavuna nazi na korosho, wakavua samaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilipima viwanja katika mradi uliojulikana kwa jina la Viwanja 20,000, na baadhi yake vilikuwa Kibada, Kisota, Mwongozo na Gezaulole. Mwaka 2008 ukatangazwa mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni. Mwezi Aprili 2016 likafunguliwa daraja lenye urefu wa mita 680 kutoka Kurasini, linaloitwa Daraja la Nyerere. Wakati huohuo jiji lilikuwa likifurika: sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ya mwaka 2022 watu 5,383,728.

Daraja hilo lilijengwa kwa fedha za Serikali na za Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Kwa maneno mengine, michango ya wafanyakazi wa Mwanza, Mbeya na Tanga, ambao wengi wao hawatamiliki hata hatua moja ya ardhi ya Kigamboni, iliingia kwenye zege lile. Watumiaji wa daraja nao walilipa, na wanaendelea kulipa, tozo iliyolalamikiwa sana mpaka ikapunguzwa mwaka 2022. Faida ya bei kupanda ilimwendea aliyekuwa na ardhi siku daraja lilipofunguliwa. Mkulima aliyeuza miaka mitano kabla aliuza kwa bei ya mihogo. Simlaumu aliyenunua mapema. Alijinyima akiwa hana hakika ya lolote. Ninasisitiza tu kwamba thamani aliyoipata ni kazi ya wengi, na kwa hiyo ina madai ya wengi ndani yake.

Wasomi wa miji wamezoea kueleza mitaa inayopanda hadhi kwa dhana iliyoasisiwa na Ruth Glass mwaka 1964 alipochunguza London: watu wenye kipato wanaingia katika nyumba kuukuu za wafanyakazi, kodi zinapanda, wakazi wa zamani wanaondoka. Dhana hiyo ina msaada Kariakoo au Magomeni, ambako nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ua inabomolewa ili ghorofa lipande. Pembezoni mwa Dar es Salaam haitufikishi mbali. Huku hakuna nyumba kuukuu ya kutwaliwa. Kuna shamba linalokatwa vipande, na mwenye shamba mara nyingi haondoki. Anabaki katikati, akizidi kuzungukwa na kuta za wale aliowauzia.

Ukataji huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Mzee ana ekari tatu za urithi. Mwaka wa kwanza anauza kipande cha mbele, kwa ada ya shule. Kipande kile kinagusa barabara, hivyo bei yake ni nzuri. Baadaye anapata msiba, anauza cha pili nyuma yake. Mnunuzi wa pili anapita pembeni mwa wa kwanza, ambapo bado hapajajengwa. Wa tatu anapita kwa wa pili. Kila mmoja amelipia hatua zake na ana haki ya kuzitumia zote, kwa hiyo kila mmoja anapopata fedha anajenga ukuta kwenye hatua ya mwisho kabisa. Hakuna aliyedhulumu, hakuna aliyevunja mkataba, na njia imekwisha.

Mpwa wangu alinunua kiwanja cha nne katika mlolongo kama huo, nami nilikuwa shahidi wake. Nilisoma mkataba mara mbili, nikahakiki majina ya majirani wa pande zote nne, nikahakikisha mke wa muuzaji ametia saini, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Sikuuliza kuhusu njia, na kosa hilo ni langu. Miaka miwili baadaye, alipoanza kujenga, lori la tofali halikuweza kufika. Lilimwaga mzigo kando ya barabara kubwa, na vijana wakabeba tofali mojamoja begani kupitia kichochoro ambacho watu wawili hawapishani. Kila tofali la nyumba ile limelipiwa mara mbili, kwa mfyatuaji na kwa mbebaji. Ndivyo ilivyokuwa kwa mchanga, kokoto, nondo, mabati na maji ya boza. Hasara ya kukosa njia haimo katika takwimu yoyote ya ujenzi, lakini mwenye nyumba anaijua kwa shilingi. Na hiyo ni hasara ndogo. Mgonjwa wa usiku hubebwa kwenye kiti mpaka bajaji ilipo, na jeneza hutolewa likiwa limeinamishwa kwenye kona.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni hati. Hernando de Soto, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu fumbo la mtaji, alidai kwamba maskini wana mali, ila mali hiyo imelala kwa kukosa nyaraka. Wazo hilo lilichangia kuzaliwa kwa MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, hapa Tanzania mwaka 2004. Sipuuzi hati. Inamlinda mjane, inapunguza mauziano ya mara mbili, na inawapa raha wale ambao sasa hulazimika kuandika ukutani kwamba nyumba hii haiuzwi. Lakini ahadi ya mtaji haijatimia kwa kiasi kilichotarajiwa. Mikopo ya nyumba nchini haijafikia hata asilimia moja ya pato la taifa. Watu wanaendelea kujenga kutoka mfukoni: msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, kupaua Mungu akijalia. Na hati ya kiwanja kisichofikika inathibitisha umiliki wa kitu ambacho benki yenyewe haiwezi kukifikia ikitaka kukiuza.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipiga hatua kubwa ilipokiri kwamba haki katika ardhi ina thamani na kwamba thamani hiyo izingatiwe katika kila muamala. Kabla ya hapo msimamo wa kisheria ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei; kinachouzwa ni maendelezo, yaani nyumba, mazao na miti. Sheria iliukubali ukweli ambao soko liliujua siku nyingi. Hata hivyo haikusema thamani hiyo inatoka wapi. Tunapoitazama kana kwamba imechimbuka ndani ya mraba wa mtu mmoja, tunamfundisha mnunuzi kwamba kuachia hatua mbili kwa ajili ya njia ni kupoteza mali, wakati kwa hesabu iliyo sahihi hatua hizo mbili ndizo zinazozipa bei zile kumi na nane zilizobaki.

Programu ya kurasimisha makazi ya miaka 2013 hadi 2023 ilijaribu kuirudisha njia baada ya kuta kusimama. Aliyewahi kuketi katika mkutano wa urasimishaji anajua ulivyo mgumu. Mchoro unatundikwa ukutani, mstari wa barabara unapita juu ya choo cha mtu, na mkutano mzima unageuka kuwa wa choo hicho. Waliojenga mbali na mstari wanaunga mkono haraka, na walio juu yake wanaondoka kwa hasira. Kuna mitaa iliyofanikiwa, na ninaiheshimu kwa dhati, maana ilishinda kwa uvumilivu wa wajumbe wa kamati waliokwenda nyumba kwa nyumba. Lakini ni kazi ya kuponya jeraha ambalo lingeweza kuzuiwa.

Upande wa pili, kusubiri mpango mkubwa nako kuna gharama zake. Mpango wa Mji Mpya uliposimamisha uendelezaji katika kata za Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema na sehemu za Kibada na Somangila, watu walikaa miaka wakiwa hawajui kama wajenge, wakarabati au wasubiri fidia. Boma lililokuwa linangoja lenta liliota nyasi. Eneo la mpango likapanuliwa, kisha likapunguzwa, na mji ule wa kwenye michoro haukujengwa. Serikali ilitaka kupanga kila kitu kwa pamoja, na wakati huohuo vipande viliendelea kuuzwa kimyakimya, bila njia.

Ninachopendekeza kiko katikati ya hayo mawili. Halmashauri isingoje uwezo wa kupima kila kiwanja. Ipime njia kwanza: barabara kuu za mtaa, za kuunganisha, na maeneo machache ya shule, soko na makaburi, kisha isimike mawe ya mipaka ya njia hizo tu, ikiwaachia wenye mashamba wauze vipande vilivyobaki kwa utaratibu wao. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 tayari imezipa halmashauri mamlaka ya kupanga. Na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye kwa mazoea hupokea ada ya kushuhudia mauziano, asigonge muhuri mpaka mkataba uwe na mchoro, hata wa kalamu ya mkono, unaoonyesha njia ya kuingilia na upana wake.

Pingamizi zito ni la mwenye kipande kidogo ambacho njia inakimeza karibu chote. Mwenye ekari tatu akitoa ukanda, kilichobaki kinapanda bei na kumfidia. Mwenye hatua ishirini kwa ishirini hana cha kupanda. Hapa ndipo madai ya wengi niliyoyataja yanapopata umbo: wote ambao viwanja vyao vinafunguliwa na njia ile wamchangie, kwa fedha au kwa kipande mbadala, kabla jiwe halijasimikwa. Mitaa yetu huchanga kwa ajili ya transfoma, kisima na kifusi cha barabara. Kuchangia ardhi ya njia yenyewe si jambo geni kwa watu wa namna hiyo. Limekosa tu mahali pa kuandikwa.

Nimewahi kuliona limeandikwa mara moja. Ulikuwa mkataba wa mauziano wa karatasi mbili, kwa mwandiko wa mkono, wa shamba la familia moja ya wenyeji. Muuzaji alikubali kuuza eneo lote isipokuwa makaburi matatu yaliyo chini ya mwembe, pamoja na njia ya kuyaendea, upana wa hatua tatu, ambayo mnunuzi na wote watakaonunua kwake hawataifunga. Shamba lile limeshauzwa na kuuzwa tena vipande vipande, na kuta zimesimama pande zote. Njia ya makaburini bado iko wazi. Bomba la maji limelazwa humo, nguzo za umeme zinaifuata, na asubuhi watoto wa shule na bajaji hupita humo kuelekea barabara kubwa.