Kilwa Kisiwani na Songo Mnara: Safari ya Siku Moja na Hesabu ya Karne Nyingi

Kati ya Kilwa Masoko, mji ulioko bara, na Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji uliotawala biashara ya dhahabu ya pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 13 na ya 14, pana mlangobahari wenye upana wa kilometa mbili hivi, ambao boti ya mashine huuvuka kwa dakika chache na mashua ya tanga huuvuka kwa kadiri upepo unavyoruhusu. Songo Mnara, kisiwa cha pili, ambacho magofu yake yaliingizwa pamoja na yale ya Kisiwani katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, kiko mbali zaidi upande wa kusini, baada ya kukipita kisiwa cha Sanje ya Kati, na chombo cha tanga kinachokutana na upepo mbaya huweza kumaliza nusu ya mchana kwa kwenda tu. Kwa hiyo msafiri anayetaka kuviona visiwa vyote viwili kati ya mawio na machweo hulazimika kupima iwapo faida ya safari inalingana na taabu yake, na kipimo hicho, ambacho huenda akakidhani ni jambo la watalii wa leo, ndicho hasa kilichoufanya mji wa Kilwa uwepo, utajirike na hatimaye uachwe.

Pwani hii hutawaliwa na pepo mbili za msimu. Kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Machi, ndiyo iliyovileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na India ya magharibi, na kusi, inayovuma kutoka upande wa kusini kuanzia Aprili hadi Septemba, ndiyo iliyovirudisha kwao. Nahodha aliyeondoka Arabuni mwanzoni mwa kaskazi alikuwa na miezi michache tu ya kushuka pwani, kuuza, kununua na kukipakia chombo kabla upepo haujageuka, na kadiri alivyozidi kwenda kusini ndivyo kaskazi ilivyozidi kupungua nguvu na kutotegemeka. Kilwa, iliyo karibu na nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, ilikaa takriban pale ambapo hesabu hiyo ilifikia ukomo wake, kwa maana kwamba aliyefika hapo aliweza bado kurudi nyumbani katika msimu uleule. Sofala, iliyokuwa mlango wa dhahabu itokayo katika uwanda wa juu wa Zimbabwe, iko karibu na nyuzi 20, na mgeni aliyeifuata mwenyewe alijitia katika hatari ya kukaa ugenini mwaka mzima zaidi. Wenyeji wa Kilwa walilielewa pengo hilo wakalifanya kuwa mtaji: vyombo vyao ndivyo vilivyokwenda Sofala na kurudi na dhahabu na pembe za ndovu, hata mfanyabiashara wa Arabuni akaikuta bidhaa ikimngoja mahali alipoweza kufika. Yafaa kusemwa wazi kwamba, kabla ya dhahabu, kitu cha kwanza ambacho Kilwa iliuza kilikuwa muda.

Msafiri anayejulikana zaidi kati ya waliofika humo ni Ibn Battuta wa Tangier, aliyeshuka pwani mwaka 1331 kupitia Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akaendelea hadi Kilwa, na baadaye akarudi kaskazini hadi Dhofar. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, ingawa aliandika kwamba nyumba zake zilikuwa za miti, na maelezo hayo huenda yakaeleweka kuwa yanahusu makazi ya watu wa kawaida, kwa kuwa msikiti mkuu wa mawe ulikuwa umesimama tayari. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye kutoa sana, anaonekana katika maandishi yake kwa karibu mno: siku ya Ijumaa, akitoka kuswali na kurudi nyumbani kwake, alizuiwa njiani na fakiri kutoka Yemen aliyemwomba nguo alizokuwa amevaa, naye akaingia katika nyumba ya khatibu, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Fakiri huyo aliishia kupata pia watumwa na pembe za ndovu. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama ushahidi wa ukarimu, na ni kweli kwamba ndivyo mwandishi wake alivyokikusudia, lakini kinaonyesha pia kwa nini watu walikubali taabu ya bahari, na kinaonyesha, bila mwandishi kukusudia, kwamba katika mji huo binadamu walihesabiwa pamoja na pembe kama zawadi ya kumpa mpita njia.

Mapokeo ya Kilwa yenyewe yanaliweka suala la kuvuka katika mwanzo kabisa wa mji. Tarehe ya Kilwa, ambayo imehifadhiwa katika nakala ya Kiarabu na kwa muhtasari katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552, inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan kutoka Shiraz alikinunua kisiwa kwa mtawala wa Kiafrika wa bara kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote. Wakati huo, kwa mujibu wa masimulizi ya Kiarabu, maji yalipokupwa mtu aliweza kwenda kisiwani kwa miguu. Baada ya kuuza, yule mtawala alikusudia kurudi na jeshi lake akinyang'anye kisiwa, lakini wageni walikuwa wameonywa, wakachimba mahali pa kivuko, na mtawala alipofika ng'ambo akasimama akingoja maji yapungue kama ilivyokuwa desturi, nayo yasipungue. Wanahistoria hawaichukui habari hiyo kama taarifa ya tukio, kwa kuwa akiolojia inaonyesha makazi ya wenyeji kisiwani tangu karibu karne ya 9 na ukuaji wa polepole usio na alama ya uvamizi, lakini hapana budi kuiheshimu kama fikra: waliotunga tarehe hiyo walijua kwamba thamani ya kisiwa iko katika kina cha maji yanayokitenga, na kwamba mji wenye bandari nzuri upande mmoja na handaki la bahari upande wa pili una faida ambayo mji wa bara hauna.

Faida hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa majengo. Msikiti Mkuu ulianzishwa kwa sehemu ndogo ya kaskazini katika karne ya 11 au ya 12, ukapanuliwa kwa ukumbi wenye matao na kuba mwanzoni mwa karne ya 14, ukabomoka kwa sehemu, kisha ukajengwa upya katika karne ya 15. Husuni Kubwa, jumba la al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali linalotazama bahari, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane, na inaelekea halikukamilika kamwe. Mafundi walitumia aina mbili za matumbawe: yale magumu ya nchi kavu kwa kuta, na yale laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa kwa miimo ya milango na mihrabu kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya lundo la magogo, na dari ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vingi viwe vyembamba, hali ambayo mgeni huigundua mara anapoingia katika nyumba yoyote ya mawe ya zama hizo. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji hapo kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, ndiye aliyeupanga kwanza mfuatano huo wa majengo kwa utaratibu wa kitaalamu.

Wareno walikuja na hesabu nyingine. Cabral alitia nanga mwaka 1500. Vasco da Gama alirudi na kundi la meli mwaka 1502 akamlazimisha mtawala, Amiri Ibrahim, kutoa kodi ya dhahabu, ambayo ilitumika Lisbon kutengeneza chombo cha ibada kijulikanacho kama Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho kingali kinaonyeshwa huko. Na mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kujenga ngome. Mwaka 1512 waliiacha, kwa sababu kuilinda kulikuwa na gharama isiyolipwa na dhahabu ambayo haikupita tena hapo. Jengo linaloitwa Gereza, linaloonekana leo kwanza na anayekaribia kisiwa kutoka Masoko, limesimama mahali pa ngome hiyo, ingawa sehemu kubwa ya kilichobaki ni kazi ya zama za Waomani.

Katika karne ya 18 Kilwa iliinuka tena kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ikiwa na watumwa na pembe ilikoma Kilwa Kivinje, mji wa bara ulio kaskazini ya Masoko, na hapo ndipo kisiwa kilipopoteza maana yake, kwa kuwa maji yaliyokuwa ulinzi kwa biashara iliyotoka baharini yaligeuka kikwazo kwa biashara iliyokuja kwa miguu. Wakazi waliobaki Kisiwani waliendelea kuvua na kulima katikati ya magofu, na wazao wa jamii hiyo wangali hapo. Mgeni anayekitazama kisiwa kama makumbusho tu humkosea heshima mwenye nyumba.

Njia ya kufika huko ilibaki ngumu hadi karibuni. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, magari yalitegemea pantoni, na kipande cha barabara kati ya Ndundu na Somanga kilikuwa cha vumbi na tope kwa miaka mingi baadaye. Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoambatana na mvua kubwa, barabara hiyo ilikatika tena huko Somanga. Kutoka Dar es Salaam na kurudi siku hiyohiyo, kwa hiyo, ni jambo lisilofaa kufikiriwa, kwani safari ya gari peke yake humaliza mchana. Anayelala Masoko ndiye mwenye nafasi ya kuhesabu, na kwake jibu kuhusu Kisiwani halina shaka: mchana mmoja unatosha kwa Gereza, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, na hapana jengo la umri huo katika pwani nzima linalomlipa mtu zaidi kwa taabu ndogo kiasi hicho.

Kuunganisha na Songo Mnara ni suala jingine, linaloamuliwa na mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kiasi, bahari ya pwani hii hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, saa ileile ambayo msafiri aliyeanzia Kisiwani angekuwa akikaribia. Atashushwa mbali, apite matope na mikoko kwa miguu, na kurudi kwake kutategemea maji ya jioni. Siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, hali huwa nafuu na safari ya visiwa viwili hufaa kujaribiwa kwa boti ya mashine. Hata hivyo mji wa Songo Mnara, uliokaliwa kuanzia mwisho wa karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 16, hautendewi haki kwa saa moja: una nyumba za matumbawe zipatazo 40, misikiti kadhaa, na katikati uwanja wa makaburi ambapo watafiti Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, waliofanya kazi huko kuanzia mwaka 2009, walikuta sarafu na vijiwe vilivyowekwa na waliokuja kuzuru wafu wao, pamoja na akiba ya sarafu za shaba zaidi ya 300 iliyofukiwa chini ya nyumba moja. Mwenye siku mbili na aitoe ya kwanza kwa Kisiwani na ya pili kwa Songo Mnara peke yake, na wakati wa kusi aondoke Masoko alfajiri, kabla upepo wa mchana haujapanda.